Mtoto Mwenye Kifafa na Maisha Kati ya Kuanguka na Kuanguka

Kifafa cha mtoto huonekana na watu pale anapoanguka: mwili hukakamaa, mikono na miguu hutupatupa, povu humtoka mdomoni, pengine na mkojo humpita. Mara nyingi yote hayo huisha kwa dakika mbili au tatu. Mtoto anayeanguka mara moja kila wiki hukaa katika hali hiyo kwa muda usiofika saa tatu kwa mwaka mzima. Saa nyingine zote ni mtoto kama wenzake: hunawa uso, hutumwa dukani, hucheza, husoma, hugombana na ndugu zake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale yanayomharibia utoto wake hutokea katika saa hizo ambazo kifafa hakipo, na mara nyingi hutoka kwa watu wanaompenda na kumwogopa kwa wakati mmoja.

Ugonjwa wenyewe ni wa ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu, na nyingi zikifyatuka kwa pamoja bila mpangilio, mwili au fahamu huvurugika kwa muda. Chanzo chaweza kuwa uzazi mgumu uliomkosesha mtoto hewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, mayai ya tegu wa nguruwe, au hali aliyozaliwa nayo. Kwa watoto wengi chanzo hakipatikani kabisa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu 80 kati ya kila 100 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa sawasawa. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa mkojo, kwa pumzi wala kwa kumshika mgonjwa. Jambo hili moja likiaminiwa nyumbani na shuleni, maisha ya mtoto hubadilika hata kabla dawa haijafika.

Mahali ambapo maisha ya wagonjwa hawa yalitazamwa kwa karibu na kwa miaka mingi ni Mahenge, wilayani Ulanga, mkoa wa Morogoro. Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norwei, alifika huko Tanganyika ilipokuwa ikikaribia uhuru, akatibu wagonjwa miongoni mwa Wapogoro wa milimani. Baadhi ya kumbukumbu za miaka hiyo alizichapisha mwaka 1979 katika kitabu Call Mama Doctor, na habari za kitabibu aliziandika katika majarida kuanzia miaka ya 1960. Aliwakuta watu waliofichwa majumbani, wenye makovu makubwa ya moto, waliokula peke yao na kulala peke yao. Aliwakuta pia watoto ambao kabla ya kuanza kuanguka walikuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama mtu anayeshikwa na usingizi. Wenyeji walisema mtoto amesinzia kichwa. Hali hiyo ilikuja kuzungumzwa duniani miongo kadhaa baadaye, watoto wengi wa Sudani Kusini na kaskazini mwa Uganda walipoonekana nayo. Watafiti wa leo wanaihusisha na ugonjwa wa usubi, ule unaoenezwa na visubi wa kandokando ya mito iendayo kasi, na Mahenge ni moja ya sehemu ambako usubi ulikuwa umeenea sana.

Kliniki aliyoianzisha ilitegemea zaidi fenobabitali, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na ambayo mpaka sasa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Matokeo yake yanafaa kukumbukwa na kila mzazi aliyekata tamaa. Miaka 30 baadaye, daktari huyo na mwenzake Henry Rwiza walifuatilia habari za wagonjwa 164 wa mwanzo. Zaidi ya nusu walikuwa wameacha kabisa kuanguka walipokuwa kwenye dawa, na kwa wengine zaidi ya theluthi mianguko ilikuwa imepungua. Lakini ripoti yao ya mwaka 1992 ina upande wa pili unaoumiza: theluthi mbili ya watu hao walikuwa wameshafariki, kiwango kinachokaribia mara mbili ya watu wengine wa vijijini. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na kifafa chenyewe. Kuna waliokufa maji, kuna walioungua, kuna waliokufa kwa kifafa kilichoendelea bila kukatika.

Mahenge inafundisha kwanza kwamba dawa inafanya kazi, na kwamba mgonjwa huwa salama kwa kadiri dawa inavyoendelea kufika. Inafundisha pia kwamba kuhesabu mianguko hakutoshi. Katika maandishi yake daktari huyo hurudi kwenye mambo ambayo fomu ya hospitali haiulizi: mgonjwa analala wapi, anakula na nani, ana kazi gani mkononi, kuna anayekubali kumwoa au kuolewa naye. Kwa mtoto maswali ni yaleyale, ila majibu yake hutolewa na watu wazima kabla mtoto mwenyewe hajajua kwamba aliulizwa.

Jikoni ndiko hatari ilipo kila siku. Nyumba nyingi za vijijini hupikia kwenye mafiga matatu chini, sufuria ikiwa kwenye usawa wa goti la mtoto. Anayeanguka motoni hajitoi, kwa kuwa wakati huo hana fahamu wala hasikii maumivu. Moto humla mpaka atokee mtu wa kumvuta. Kama watu wanaogopa povu lake, huyo mtu huchelewa. Makovu ya moto mkononi, kifuani na usoni, ambayo wengi huyachukulia kama alama ya ugonjwa, kwa kweli ni alama ya jiko lisilo na kinga na majirani waliosimama mbali. Jiko la udongo lililoinuliwa hadi kiunoni na kuzungushiwa ukingo hupunguza hatari hiyo sana, na halihitaji fundi kutoka mbali. Maji ni hivyo hivyo. Mtoto asiende mtoni wala kisimani peke yake, na akioga bafuni mlango usifungwe kwa komeo. Asipande mwembe wala mnazi. Alale kitanda kifupi au mkekani.

Tahadhari hizi zinahitaji kipimo, na hapa ndipo familia nyingi zenye nia njema hukosea. Mtoto asiyepaswa kuchota maji mtoni anaweza kufagia uwanja, kuchambua mchele, kulisha kuku, kupeleka ujumbe kwa shangazi. Akinyimwa kazi zote kwa kuhofiwa ataanguka, anajifunza kwamba hana kazi. Watoto wa Kiafrika hupata nafasi yao nyumbani kwa kutumwa. Asiyetumwa huwa kama mgeni asiyejua ataondoka lini. Vivyo hivyo michezo. Mpira wa miguu, kukimbizana, rede na kuruka kamba havina ubaya kwa watoto wengi wenye kifafa, na kuogelea kunawezekana akiwapo mtu mzima ajuaye kuogelea aliyeambiwa hali ya mtoto.

Kisha kuna sahani. Nyumba nyingi watoto hula pamoja, sinia moja katikati, kila mmoja akimega ugali au kuteka wali upande wake. Mwenye kifafa hutengewa bakuli lake, pengine na kikombe chake chenye alama, kisioshwe pamoja na vyombo vingine. Hakuna anayemwambia sababu. Mdogo wake wa miaka minne, ambaye jana alikuwa akimega naye, leo anavutwa mkono asimkaribie. Mtoto anayetengwa chakula hupata somo kila siku, mchana na jioni, kwa miaka, wala halihitaji kusemwa kwa maneno. Rwiza na wenzake walipowahoji wakuu wa kaya zaidi ya 3000 vijijini Tanzania, matokeo waliyochapisha mwaka 1993 yalionyesha kwamba watu 4 hivi kati ya kila 10 waliamini kifafa kinaambukiza, pamoja na kwa kula chakula kimoja. Zaidi ya nusu hawakuwa tayari kumpeleka shuleni mtoto mwenye kifafa. Sababu walizotaja ni kwamba ataanguka akiwa peke yake, kwamba hana akili, au kwamba atawaambukiza wenzake.

Sababu ya pili, ya akili, inahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu ina ukweli ndani yake na uongo juu yake. Watoto wengi wenye kifafa wana uwezo wa kawaida wa kujifunza. Wengine kweli wana shida, hasa ikiwa kilicholeta kifafa, kama malaria kali au uzazi mgumu, kiliudhuru ubongo kabla ya yote. Katikati yao kuna kundi kubwa ambalo shida yake ni ndogo na inarekebishika: mtoto aliyeanguka usiku na kuamka na kichwa kizito, mtoto anayesinzishwa na dawa ya asubuhi, mtoto aliyekosa vipindi vya wiki mbili kwa kuwa alipelekwa kwa mganga mkoa mwingine. Shule ikimjumlisha huyu wa mwisho na wale ambao ubongo wao ulidhurika, humpoteza mwanafunzi aliyekuwa akihitaji tu kuazimwa daftari.

Kuna pia kifafa kisichoangusha. Mtoto hukatika ghafla katikati ya sentensi, macho yakatazama mbali, kope zikapepesa, na baada ya sekunde kumi hivi akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Hali hii huweza kumpata mara nyingi kwa siku. Mwalimu huona uzembe. Anamwita, haitikii, anauliza swali, mtoto hajui limeulizwa. Fimbo inayofuata inamfundisha mtoto kwamba anaweza kuadhibiwa kwa kosa asilolijua, na baada ya muda anakaa darasani akiwa na hofu ya kudumu ambayo nayo inamzuia kusikiliza. Mzazi au mwalimu anayeona mtoto anazubaa namna hii tena na tena, hata katikati ya mchezo anaoupenda, amwone mganga wa zahanati kabla ya kumwona mvivu.

Akianguka darasani, mwalimu ana mambo machache ya kufanya, na anayafanya mbele ya watoto 60 wanaomtazama ili wajue nao wafanye nini. Asogeze madawati, aweke kitu laini chini ya kichwa, alegeze kola, amgeuze mtoto alale ubavu, aangalie saa. Asitie kijiko wala kijiti mdomoni, asimzuie viungo kwa nguvu, asimpe maji. Zikipita dakika tano bila kukoma, au akianguka tena kabla ya kurudiwa na fahamu, apelekwe hospitali. Baada ya hapo mtoto afunikwe kanga, wenzake warudi kwenye somo, na mmoja akae naye mpaka azinduke vizuri.

Kanga hiyo na huyo rafiki ni vya maana kuliko vinavyoonekana. Mtoto huwa hakumbuki kuanguka kwake. Anachokijua ni kwamba alikuwa amesimama ubaoni na sasa yuko sakafuni, ulimi unauma, nguo imelowa, na juu yake kuna duara la nyuso. Ugonjwa wake anausoma katika nyuso hizo. Akikuta hofu na kicheko, hizo ndizo zinakuwa maana ya kifafa kwake. Akikuta mtu anayemwambia kwa sauti ya kawaida, "Uliumwa kidogo, sasa imepita, pumzika," anapata maana nyingine kabisa.

Kwamba akili na hisia za watoto hawa zinahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee si dhana tu. Katika Kisiwa cha Wight, Uingereza, Michael Rutter na wenzake walichunguza watoto wa shule wa kisiwa kizima na kuchapisha matokeo mwaka 1970. Matatizo ya kihisia na kitabia yalionekana kwa watoto 7 hivi kati ya 100 wa kawaida, na 12 hivi kati ya 100 wenye magonjwa sugu yasiyogusa ubongo. Kwa wenye kifafa bila dhara jingine la ubongo, idadi ilipanda hadi 29 hivi. Maana yake ni kwamba kuumwa kwa muda mrefu peke yake hakutoshi kueleza. Kifafa kina mzigo wake. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipolinganisha watoto wenye kifafa na wenzao wa jirani, matatizo ya tabia yalikuwapo kwa 66 kati ya kila 100 wenye kifafa, dhidi ya 19 kati ya kila 100 wasio nacho. Pengo la namna hiyo limeonekana pia Kilifi, pwani ya Kenya.

Matatizo hayo hayaji na jina lake mlangoni. Huzuni ya mtoto mara chache huonekana kama huzuni ya mtu mzima. Huonekana kama hasira za ghafla, kuumwa tumbo kila Jumatatu, kukojoa kitandani upya, kuacha kucheza na marafiki aliokuwa nao, kusema usiku kwamba heri asingezaliwa. Maneno ya mwisho hayo yasipuuzwe kamwe eti kwa kuwa yametoka kinywani mwa mtoto. Asikilizwe, asiachwe peke yake, na mhudumu wa afya aambiwe. Wengine huwa watulivu kupita kiasi, na hao ndio husahaulika, kwa kuwa hawamsumbui mtu. Mwanasosholojia Graham Scambler, baada ya kuzungumza na watu wazima wenye kifafa huko Uingereza, alitofautisha unyanyapaa unaotendwa na ule unaohofiwa. Wengi aliowahoji hawakuwa wametendewa vibaya mara nyingi. Waliharibiwa maisha na hofu ya kutendewa, na hofu hiyo walifundishwa utotoni na wazazi waliowaambia wafiche. Vijijini kwetu unyanyapaa wa kutendwa upo waziwazi, lakini huo wa pili nao upo, na huanza siku mama anapomwambia mtoto, "Usimwambie mtu."

Mama mwenyewe anahitaji kuhurumiwa katika hili. Mara nyingi ndiye anayelaumiwa, na ukoo wa baba hudai ugonjwa umetoka kwake. Degedege la utotoni lilipoanza, huenda alikatazwa na wakubwa asimpeleke mtoto hospitali kwa imani kwamba sindano ingemuua, akazunguka naye kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha. Hulala nusu usingizi akisikiliza mtoto anavyopumua. Kaka na dada nao hubeba mzigo: wanaacha michezo ili wamchunge mwenzao, na shuleni huitwa kwa jina la ugonjwa usio wao. Kliniki inayompa mama dawa ya mwezi bila kumuuliza analalaje imefanya nusu ya kazi.

Dawa zina tabia zao, na mzazi akizijua huepuka kumlaumu mtoto. Fenobabitali husinzisha wiki za mwanzo, na kwa baadhi ya watoto huleta kinyume: mtoto hatulii, hukasirika haraka, huonekana mtundu ghafla. Hilo ni jambo la kumweleza mhudumu ili kipimo kibadilishwe au dawa nyingine itafutwe. Fenitoini huweza kuvimbisha fizi. Valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo msichana anayekaribia kuvunja ungo anastahili mazungumzo ya mapema na daktari. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba dawa isikatwe ghafla. Kuikata kwa siku moja, kwa kuwa mtoto amepona machoni, au mfungo umeanza, au stoo ya zahanati imekauka, huweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho huua. Ndiyo maana inafaa dawa iwekwe pamoja na chakula cha usiku, safari zipangwe na dawa mkobani, na familia irudi kuchukua nyingine kabla ya vidonge vya mwisho.

Ujana huleta maswali mapya ambayo nyumba nyingi huyakwepa. Kijana anataka kuendesha bodaboda. Haifai mpaka kifafa kimetulia kwa muda mrefu na daktari amekubali, lakini kuna ushonaji, useremala usio wa mashine kali, biashara, ualimu, na asipoambiwa yanayowezekana atayajua yaliyokatazwa tu. Kukesha na pombe huita kifafa, na aambiwe hivyo kwa sababu zake, si kama adhabu. Msichana husikia mapema kwamba hataolewa. Hata sheria ilibeba wazo hilo: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliorodhesha kifafa cha mara kwa mara miongoni mwa sababu za kuomba ndoa ibatilishwe. Hata hivyo, wapo wanawake na wanaume wengi wenye kifafa walioolewa, waliooa, na wanaolea watoto wazima.

Watoto wengi hufika siku ambayo swali linageuka: je, dawa iachwe? Mtoto aliyekaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka huweza kupunguziwa dawa polepole, kwa miezi kadhaa, chini ya uangalizi wa daktari. Wengine kifafa hakirudi tena. Kwa wengine hurudi, nao huanza dawa upya. Katika miezi hiyo tahadhari za moto na maji hurudishwa kama za mwanzo, mwalimu hujulishwa, na mtoto mwenyewe, ambaye sasa huenda ana miaka 12 au 13, huelezwa kipimo chake, tarehe za kupunguza na dalili za kutaja. Ni umri mzuri wa kumkabidhi daftari la kliniki alitunze mwenyewe.